Samaki wa mwisho wa kaskazi hawajaisha, wameshuka

Ndugu Mhariri,

Kila ikifika Februari na Machi, feri ya Shangani, Mikindani na Msimbati neno huwa moja: samaki wamekwisha. Ngalawa zinarudi na vibua vya kuhesabu, bei ya changu inapanda, na vijana wanaanza kulitazama kokoro, ule wavu wa kuburuza, au baruti, kana kwamba ndiyo njia pekee iliyobaki. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini neno hilo si la kweli. Samaki wapo. Wameshuka chini na wamejitenga na maji machafu. Anayetupa mshipi wa kuvulia palepale alipotupa Julai, kwa kina kilekile na saa ileile, anavua maji matupu.

Chanzo ni joto. Wakati wa kusi, majira ya upepo wa kusini katikati ya mwaka, upepo unaikoroga bahari yetu kutoka juu hadi chini sana, na maji ya juu yanakuwa na baridi ya nyuzi 25 hivi. Kaskazi, unaotoka kaskazini mwisho na mwanzo wa mwaka, ni upepo mpole zaidi kwa pwani ya kusini, na kadiri unavyoelekea kuisha ndivyo unavyolegea, mpaka tunaingia kwenye maleleji, kipindi cha kati ya pepo hizo mbili, ambapo bahari inaweza kulala siku nzima kama kioo. Mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri linapita utosini kabisa mwa watu wa Mtwara. Maji ya juu yanapanda hadi nyuzi 29 na 30. Maji ya moto ni mepesi, kwa hiyo yanakaa juu ya maji ya baridi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, na upepo hauna nguvu ya kuyachanganya. Chini yake kuna mahali ambapo joto linaanguka ghafla. Hapo ndipo palipo na shughuli.

Maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, na mwili wa samaki ukipata joto unahitaji hewa zaidi. Samaki mkubwa hawezi kuvumilia hali hiyo kutwa nzima. Samaki wadogo aina ya simu, dagaa na ngisi hushuka jua likipanda, na nguru, kolekole na jodari huwafuata. Alfajiri wanapanda kula, na jioni tena. Kwa hiyo mshipi wa juu katika miezi hii una kazi kuanzia kupambazuka hadi saa 2 asubuhi hivi, kisha kuanzia saa 11 jioni. Katikati ya hapo, kuburuza chambo juu ya maji ni kuchoma petroli.

Swali ni kushuka kiasi gani. Hakuna namba moja, kwa sababu tabaka la baridi hupanda na kushuka kwa siku na kwa mkondo. Lazima litafutwe, na linatafutwa kwa mshipi uliopimwa. Pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, hudanganya ikipimwa kwa mwili: pima ya mtu mfupi na ya mtu mrefu zikizidishwa mara 30 zinaachana kwa mita kadhaa. Chukua futi kamba ya fundi, kata ubao wenye urefu wa mita 1 na sentimita 80, hiyo ndiyo pima moja, upime uzi wako wote juu ya ubao huo. Kila pima 5 funga uzi mwekundu, kila pima 10 mweupe. Funga kwa uzi wa cherehani uliozungushwa mara nyingi na kukazwa, usipige fundo kwenye nailoni yenyewe, maana fundo katikati ya nailoni ndipo itakapokatikia.

Halafu shusha ndoano kwa kina tofauti. Kama mko watu watatu chomboni, mmoja aanze pima 15, mwingine 25, mwingine 35, na kila baada ya robo saa mpande au mshuke pima 5 hadi mmoja apate. Samaki wa kwanza akija, mshike tumbo kabla hujamtoa ndoano. Changu au kolekole aliyetoka kwenye maji ya baridi anakuja na ubaridi wake, mkono unausikia waziwazi kwa kuwa maji ya juu ni ya uvuguvugu. Ukiusikia, wote wahamie kina hicho. Usimtumie jodari kwa kipimo hiki. Jodari hutunza joto la misuli yake mwenyewe, damu yake ina moto hata akitoka chini sana, na wengi wamepotezwa na jambo hilo wakadhani samaki alikuwa juu.

Kwa wanaovua kwa chombo kinachokwenda, yaani kurambaza, tatizo ni kwamba mshipi mtupu hauzami. Ukifungwa chubwi dogo, yaani kizito cha kuuzamisha, unapanda juu mara tu injini inaposhika kasi. Dawa yake ni rahisi na haihitaji kitu cha dukani. Tengeneza chubwi la kilo 3 au 4 kwa risasi, au kwa saruji iliyomiminwa ndani ya kopo la maziwa na kushikizwa pete ya chuma. Lifunge kwenye kamba yake peke yake, kamba nyembamba ya milimita 4 isiyoshika maji sana. Mshipi wa kuvulia unaachiwa kwanza nyuma ya chombo pima 10 au 15, kisha unashikizwa kwenye kamba ya chubwi, nusu pima juu ya chubwi, kwa uzi mmoja wa cherehani wa pamba. Ndipo chubwi linashushwa pamoja na mshipi. Nguru akipiga, uzi wa pamba unakatika, mshipi unakuwa huru, nawe unapambana na samaki tu, bila kuvuta kilo 4 za saruji. Uzi wa nailoni usitumike hapo. Haukatiki, na mshtuko wote unaishia kwenye mdomo wa samaki, ndoano ikachomoka.

Mwendo uwe wa mtu anayetembea, kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Ukizidi, kamba inalala nyuma na chubwi linapanda. Utazame mwegamo wa kamba inapoingia majini. Ikiwa imesimama wima, pima 30 za kamba ni pima 30 za kina. Ikilala nusu, katikati ya wima na usawa wa maji, pima 30 hizo ni pima 21 tu za kina. Ikilala theluthi mbili, ni pima 15. Kamba huwa imepinda kidogo, inasimama zaidi karibu na chubwi kuliko hapo juu, kwa hiyo chambo kinakuwa chini kidogo kuliko hesabu hii, lakini kosa hilo si baya. Kosa baya ni kuhesabu urefu wa kamba ukasahau mwegamo. Ndilo linalowafanya watu waape kwamba walivua pima 30 na hapakuwa na kitu, kumbe chambo kilikuwa pima 15 kwenye maji ya moto.

Injini za kuchanganya oili hazipendi mwendo huu. Zikienda polepole saa mbili mfululizo plagi zinashika masizi na injini inazimika, mara nyingi kwenye mkondo karibu na mwamba. Kila nusu saa ipandishwe kasi kwa dakika mbili, na plagi mbili za akiba na spana yake viwe kwenye mfuko mkavu.

Sasa maji ya bahari yenyewe. Wazee wa mshipi hawatoki bila kujua tarehe ya mwezi, na katika uvuvi wa kina kirefu jambo hilo lina uzito kuliko katika uvuvi mwingine wote. Siku za bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanajaa kwetu kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kiasi cha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3. Maji yote hayo yanapita kwenye milango ya ghuba na juu ya miamba kwa muda wa saa 6, na mkondo unakuwa mkali kiasi kwamba chubwi la nusu kilo linapeperushwa kama jani. Mshipi unakwenda upande, ndoano haifiki chini, na mvuvi hajui kama anagusa mwamba au anagusa maji. Siku za bamvu vua kina kirefu kwa muda mfupi tu maji yanaposimama, dakika 30 au 40 kabla hayajageuka, na muda uliobaki rambaza karibu na ras, kwa sababu mkondo unapokata kona ya ras ndipo vibua husongamana na nguru huwangoja.

Siku za kina kirefu ni za maji mafu, tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo. Mkondo umelegea, mshipi unakwenda wima, na chubwi la gramu 300 hadi 500 linatosha kufika pima 30. Kila siku maji yanachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana, na hiyo inatosha kumfanya mtu mwenye kujua tarehe ya mwezi akisie saa za wiki nzima bila kitabu.

Anayevua wima juu ya mwamba aujue mwamba wake. Bildi ya zamani, ile risasi ya kupimia kina, ilikuwa na shimo dogo chini, na shimo hilo halikuwekwa kwa urembo. Jaza sabuni ya mche humo, au grisi nzito, uitupe mpaka igonge. Ikirudi na chembe nyeupe, chini ni mchanga na hakuna la kungoja hapo isipokuwa samaki taa. Ikirudi na ute wa kijivu, ni tope. Ikirudi sabuni ni safi lakini imekwaruzwa, umefika kwenye mwamba. Ukingo wa mwamba ndio wenye samaki, mahali bildi inapogonga pima 22 na hatua chache mbele inagonga 35. Weka alama. Kwa desturi tunalinganisha vitu viwili vya nchi kavu, na vingine viwili upande wa pili, lakini Machi mvua inaficha nchi kavu siku nyingi. Simu yenye kuonyesha mahali ulipo inafanya kazi hata pasipo mtandao, kwa sababu inasoma setilaiti moja kwa moja. Hifadhi nukta hiyo, na simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Nanga isitupwe juu ya mwamba. Itupwe upande mkondo unakotoka, kwenye mchanga, kisha achia kamba mpaka chombo kikae pembeni mwa mwamba. Hivyo chambo kinakwenda kwa samaki, nanga haikwami, na matumbawe hayavunjwi.

Mshipi wa wima wenye ndoano tatu ufungwe hivi: uzi mkuu wa milimita 1 au 1.2, vitawi, yaani vijiuzi vya kufungia ndoano, vya urefu wa sentimita 30 vilivyoachana sentimita 60 ili visisokotane, na chubwi mwisho kabisa. Kipande kinachoshika chubwi kiwe cha uzi mwembamba kuliko uzi mkuu. Chubwi likikwama kwenye mwamba, kinakatika hicho peke yake, nawe unarudi na ndoano zako na pengine na samaki. Wengi wanafunga uzi uleule mpaka chini, na kila wakikwama wanapoteza mshipi wote. Fundo la nailoni lilowanishwe kwa mate kabla ya kukazwa. Likikazwa kavu linaungua kwa msuguano, halionekani kwa macho, na litaachia siku samaki mkubwa atakapokuja. Nailoni isiachwe juani juu ya paa la banda. Jua la miezi hii linaifanya ikakamae, na uzi uliokuwa unabeba kilo 40 ukakatika kwa kilo 15.

Ndoano namba 8 hadi 10 ni za changu, namba 4 hadi 6 za nguru na kolekole mkubwa, tukikumbuka kwamba namba ikipanda ndoano inapungua. Nguru ana meno ya mkasi, hivyo kati ya ndoano na uzi paweko waya wa sentimita 30 hadi 40. Usizidishe. Waya mrefu unang'aa, na katika maji meupe nguru anauona na kugeuka.

Chambo ndicho kinachoharibu safari nyingi za msimu huu, na watu wanalaumu bahari. Samaki simu aliyekaa saa mbili kwenye ndoo juani analainika, na akifika pima 20 ameshavuliwa ndoano na samaki wadogo. Watie chumvi ya mawe usiku, kilo 1 kwa kilo 3 za samaki, tabaka kwa tabaka, wamwage maji yao. Asubuhi nyama imekaza na inashika. Ngisi ni bora zaidi kwa sababu nyama yake ni ngumu na vidagaa haviwezi kuichana. Mkate vipande virefu vya upana wa vidole viwili, uchome ndoano mara moja tu upande mmoja, kipande kining'inie na kuchezacheza. Ukichoma mara tatu nne kinakuwa donge lisilomvuta samaki yeyote.

Jambo jingine la kina: samaki anayetolewa pima 30 au 40 anafika juu tumbo limevimba na mfuko wa chakula mara nyingi umetokea mdomoni. Hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ukimrudisha majini anaelea hadi afe au aliwe. Kwa hiyo hoja ya kusema "wadogo nitawarudisha" haifai kwenye kina kirefu. Wakija wadogo watatu mfululizo, ongeza ukubwa wa ndoano au hama mwamba.

Nirudi kwenye maji machafu, maana nusu ya malalamiko ya Machi yanatoka huko. Mto Ruvuma ukifurika unamwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa mpaka mbali nje ya Msimbati, na Lukuledi unafanya hivyo hivyo kwa ghuba ya Lindi. Maji hayo hayana chumvi, ni mepesi, yanaelea. Mara nyingi pima moja au mbili chini yake kuna maji meupe ya bahari, na changu na chewa wako palepale kwenye mwamba wao. Nguru anavua kwa macho, kwa hiyo anatoka. Haendi mbali. Anazunguka kwenye mpaka, ule mstari ambapo maji ya kahawia yanakutana na ya buluu, penye povu, majani na magogo yaliyotoka bara. Vibua na vitoto vya kolekole hujificha chini ya magogo hayo, na songoro ana tabia ya kukaa kivulini mwake. Rambaza ukifuata mstari upande wa buluu, hatua 20 au 30 kutoka kwenye uchafu, usiukate kwa kwenda na kurudi. Na uangalie magogo kwa ajili ya chombo pia. Gogo lililolowa halionekani mpaka limegonga.

Haya hayafanani pwani nzima. Huku Mtwara kina kirefu kiko karibu, kutoka Msangamkuu au Msimbati ngalawa inafika kwenye maji ya buluu asubuhi hiyohiyo. Kilwa na Songosongo sehemu ya maji mafupi ni pana zaidi, na mwenye ngalawa ya tanga hawezi kufuata kina kama mwenzake wa Msimbati. Kwake ni bora mifereji iliyo kati ya miamba, na usiku. Na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kuna maeneo yasiyoruhusiwa kuvuliwa kabisa. Uliza kijijini kwanza.

Samaki akishapatikana, saa za kumwokoa ni chache. Kwa joto la Machi barafu iwe sawa kwa uzito na samaki, kilo kwa kilo, na ipondwe, maana mabonge yanagusa samaki sehemu chache tu. Nguru na jodari wakatwe nyuma ya pezi la ubavuni damu itoke, watumbuliwe, na tumbo lijazwe barafu. Hili si suala la ladha peke yake. Nyama ya jodari, nguru na vibua ikikaa kwenye joto inaingia sumu inayotengenezwa na vijidudu, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Mlaji anawaka uso, anatoka vipele, kichwa kinamuuma na anaharisha, naye anasema ana mzio wa samaki. Samaki huyo anaweza asinuke kabisa. Asiye na barafu alowanishe gunia la katani, afunike samaki kivulini, na arudi pwani kabla ya saa 4 asubuhi. Asiahidi mtu samaki mbichi jioni.

Na kuhusu usalama. Februari hadi mwanzoni mwa Mei ni miezi ya tufani upande wetu wa bahari. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilitua Aprili 25, 2019 kaskazini mwa Msumbiji. Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania Mei 2024. Kinachotangulia ni mawimbi marefu yanayokuja pasipo upepo, yameachana sana, yanainua chombo polepole na kuvunjika kwa kishindo kwenye mwamba ambao jana ulikuwa kimya. Ukiyaona hayo asubuhi shwari, kusanya mishipi. Mwenye kufuata kina kirefu anakwenda mbali kuliko kawaida yake, hivyo utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ausikilize jioni kabla ya kutoka na si akiwa ameshatweka. Mvua za radi za mchana nazo huja na upepo wa ghafla kutoka bara. Wingu jeusi likisimama juu ya Mikindani saa 7 mchana, anayerudi atakutana nalo usoni.

Nasisitiza haya yote kwa sababu ya kinachotokea watu wakikata tamaa. Mwenye nyumba ya kulisha akiambiwa samaki wamekwisha, atakwenda kwenye mikoko na majani ya bahari na wavu wa matundu madogo, na huko ndiko tasi na changu wadogo wanakolelewa. Kokoro linaburuza majani hayo mpaka mizizi. Baruti inavunja mwamba ambao samaki walioshuka wangerudi kuukalia kusi ikianza. Vyote viwili vinakatazwa na sheria za uvuvi, na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ni ya mwaka 2003, si jambo la jana. Lakini kumkataza mtu bila kumwonyesha samaki walipo ni kumwambia afunge. Mshipi wa pima 40, chubwi, ndoano 10 na kilo ya ngisi ni gharama ndogo kuliko wavu wowote.

Ndiyo maana naliomba gazeti lako jambo moja. Mnachapa ratiba ya ligi, bei za korosho na nyakati za swala. Mtupatie na sisi mstari wa bahari kwa Mtwara, Lindi na Kilwa: siku, tarehe ya mwezi mwandamo, saa za kujaa na za kupwa, urefu wa maji kwa mita, na upepo wa asubuhi ukitengwa na wa alasiri, kwa kuwa asubuhi ya umande, upepo wa kutoka bara, na alasiri ya matlai, upepo wa kutoka baharini, ni bahari mbili tofauti. Ukurasa uchapwe Alhamisi. Gazeti likifika Msimbati na Mchinga siku hiyo, litasomwa Ijumaa, vyombo vingi vikiwa vimepandishwa pwani, watu wanashona nyavu na kupima mishipi kwa ajili ya Jumamosi.

Mvuvi wa mshipi,
Mikindani, Mtwara